Theoria, Nadharia na Kilima cha Rebero

Utangulizi

Kila mwaka, wakati wa kuandika mapendekezo ya utafiti unapowadia, kuna swali moja linalotufikia idarani kuliko mengine yote. Mwanafunzi hubisha hodi, huketi, hufungua daftari lake na kuuliza: "Mwalimu, niweke nadharia gani?" Mada anayo. Mahali pa kupata data anapajua. Hata kichwa cha tasnifu amekwisha kukiandika. Kilichobaki ni nadharia, naye anataka kuiweka kama mpishi aliyesahau chumvi anavyoitia mchuzi ukiwa umekwisha kuiva. Tukimjibu kwa kumuuliza nadharia ni nini, hutusomea fasili aliyoinakili kitabuni. Fasili hiyo huwa ni sahihi, lakini haimsaidii kuandika hata aya moja.

Kwa uzoefu wetu, sura ya nadharia ndiyo inayorudishwa kwa masahihisho mara nyingi zaidi. Wapo waliochelewa kuhitimu kwa sababu ya kurasa hizo chache tu, ilhali data yao ilikuwa nzuri na Kiswahili chao hakikuwa na dosari. Sisi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Tumezoea kudai nadharia bila kueleza inafanya kazi gani.

Azma ya makala haya ni kulifuatilia neno lenyewe. Tutaanza na neno la Kigiriki cha kale, theoria, tuone lilivyokuwa na maana nyingi. Kisha tutaona lilivyofasiriwa kwa Kiarabu na kutufikia likiwa nadharia. Mwisho tutalirudisha nyumbani, hapa Rebero, kwa sababu jina la kilima hiki lina la kutufundisha kuhusu jambo hilo hilo.

Maana za theoria kwa Wagiriki

Neno theoria limetokana na theoros, yaani mtazamaji. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, theoros lina sehemu mbili: thea, yaani kitu kinachotazamwa, na horan, kitenzi chenye maana ya kuona. Kutokana na thea hiyo hiyo Wagiriki walipata neno theatron, mahali pa kutazamia, ambalo leo limeenea katika lugha nyingi kwa maana ya jumba la maigizo. Katika maandishi ya kale, theoria lina angalau maana nne zinazotuhusu.

Maana ya kwanza ni ujumbe rasmi. Mji ulichagua watu wa kwenda kushuhudia sikukuu ya dini katika mji mwingine, au kutafuta kauli ya mungu katika hekalu kama lile la Delphi. Kila mjumbe aliitwa theoros, na msafara wote uliitwa theoria. Athens ilikuwa ikituma msafara wa namna hiyo kila mwaka kwenda kisiwa cha Delos kwa heshima ya Apollo. Merikebu ikiwa safarini, mji ulitakiwa kuwa safi na haikuruhusiwa kumuua mtu yeyote kwa hukumu ya serikali. Plato anaeleza katika Phaedo kwamba hii ndiyo sababu Sokrates, aliyehukumiwa kifo mwaka 399 KK, alikaa gerezani muda mrefu baada ya hukumu. Merikebu ilikuwa imepambwa siku moja tu kabla ya kesi yake, ikabidi ingojewe mpaka irudi.

Maana ya pili ni safari ya kwenda kuona dunia. Herodoto, aliyeandika katika karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Solon alipokwisha kuwatungia Waathene sheria aliondoka mjini kwa miaka 10, akisema anakwenda kwa ajili ya theoria. Herodoto anaongeza kwamba sababu yake ya ndani ilikuwa kukwepa kushurutishwa kuzifuta sheria zile. Hata hivyo, udhuru wake ulieleweka na kila mtu: mwenye busara husafiri ili aone. Wanyarwanda nao husema "Akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze," yaani kijidege kisichoruka hakijui mahali mavuno yalipoiva.

Maana ya tatu ni kutazama maonyesho, au maonyesho yenyewe. Athens ilikuwa na fedha za umma zilizoitwa theorikon, zilizowasaidia raia kulipia nafasi zao katika sikukuu na michezo ya kuigiza.

Maana ya nne ndiyo iliyoingia katika falsafa: kutazama kwa akili, yaani kutafakari. Aristotle (384–322 KK) aliuona utendaji huu kuwa wa juu kuliko mwingine wowote wa binadamu. Aligawa maarifa katika makundi matatu: yale ya kujua (theoretike), yale ya kutenda (praktike) na yale ya kuunda (poietike). Baadaye Wakristo wa mapokeo ya Kigiriki walilitumia neno hilo hilo kwa maana ya kumtafakari Mungu katika sala.

Msomaji anaweza kudhani kwamba maana hizi hazihusiani. Lakini kuna mwendo mmoja unaojirudia. Mtu anaondoka mahali alipozoea, anatazama kwa makusudi, kisha anarudi na habari. Plato anaueleza mwendo huu waziwazi katika kitabu chake cha Sheria. Humo anapendekeza mji utume watazamaji wenye umri wa zaidi ya miaka 50 wakachunguze sheria za miji mingine, na wakirudi watoe taarifa mbele ya baraza. Mtazamaji asiyetoa taarifa hakuwa amekamilisha kazi yake. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalihitaji.

Kutoka Kigiriki hadi Kiswahili

Lugha zilizopokea falsafa ya Wagiriki zililazimika kuamua: kulikopa neno lenyewe au kutafuta la kwao. Waandishi wa Kilatini walitumia contemplatio na pia speculatio. Hili la pili lina uhusiano na specula, yaani mnara au mahali pa juu ambapo mlinzi husimama kuangalia mbali. Kifaransa na Kiingereza vilichukua umbo la Kigiriki lenyewe, na ndiyo maana wanafunzi wetu waliosoma kwa lugha hizo hulitaja neno bila kuliona jicho lililomo ndani yake.

Waarabu walifanya vingine. Kati ya karne ya 8 na ya 10, wafasiri wa Baghdad, akiwamo Hunayn bin Ishaq (aliyefariki mwaka 873) na mwanawe Ishaq, walihamishia kwa Kiarabu sehemu kubwa ya elimu ya Wagiriki. Kwa maana ya theoria, Kiarabu kilitumia nadhar, neno la kawaida kabisa lenye maana ya kutazama. Wanafalsafa kama Al-Farabi na Ibn Sina wakaigawa falsafa katika sehemu ya nadhari, yaani ya kutazama na kujua, na sehemu ya amali, yaani ya kutenda. Kutokana na mzizi huo Kiarabu kikapata nadhariyya, nasi tukapata nadharia.

Tazama basi utajiri tulio nao. Mwanafunzi wa Kiswahili ana ukoo mzima wa maneno mbele yake: nadhari, yaani mtazamo au uangalifu, mandhari, yaani sura ya mahali inavyoonekana kwa anayetazama, na nadharia. Anayo pia amali, ambalo Tanzania hulitumia katika "elimu ya amali" kwa maana ya mafunzo ya kazi na stadi. Tunapoweka nadharia upande mmoja na amali upande mwingine, tunaendeleza mgawanyo ulioanzia kwa Aristotle na kupitia Baghdad.

Hapa inafaa kutoa tahadhari moja ya kiisimu. Wanafunzi wengi huliingiza nadhiri, yaani ahadi anayoiweka mtu kwa Mungu, katika ukoo huu. Si wa ukoo huu. Sauti dh ya Kiswahili imekusanya pamoja sauti tatu za Kiarabu zilizo tofauti. Dh ya dhahabu na dhambi ina asili yake, ile ya dhana na adhuhuri ina nyingine, na ile ya ardhi na kadhi ina ya tatu. Nadhiri iko pamoja na dhahabu, ilhali nadharia iko pamoja na dhana. Kwetu Rwanda mambo huzidi kuchanganyika kwa sababu Kinyarwanda hakina sauti dh, na wengi hutamka "nazaria". Mwalimu akisahihisha matamshi haya ayasahihishe kwa upole, lakini ayasahihishe, kwa kuwa matamshi yakipotea ukoo wa neno nao hufichika.

Rebero: mahali pa kutazamia

Rebero ni kilima katika Wilaya ya Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali. Anayefika juu huliona jiji limetandazwa mbele yake: majengo ya katikati ya mji huko Nyarugenge, kuba la ukumbi wa mikutano wa Kimihurura, na Mlima Kigali upande wa magharibi. Mitaa tunayoipita kila siku kwa basi, tukijua kona moja moja tu, kutoka juu huonekana inavyoungana.

Umbo la jina lenyewe linasema hivyo. Kinyarwanda kina kitenzi kureba, yaani kutazama. Kikinyambulishwa kwa -er- kinakuwa kurebera, na kikiongezewa kiishio -o tunapata nomino ya mahali. Kanuni hiyo hiyo imetoa isomero, yaani maktaba, kutoka gusoma; na ivuriro, yaani zahanati, kutoka kuvura. Kiambishi ni -er- baada ya e au o, na -ir- baada ya irabu nyingine. Huu ni upatanifu wa irabu ule ule unaotupa somea na chinjia katika Kiswahili. Nomino zetu machinjio na kimbilio zimejengwa kwa njia hiyo hiyo. Nazo kwa Kinyarwanda ni ibagiro na ubuhungiro. Kwa hiyo Rebero ni mahali pa kutazamia. Ni dada wa theatron ya Wagiriki na specula ya Warumi, ingawa hawakupata kukutana.

Tuzingatie pia kwamba jina limetokana na kureba, wala si kubona. Kinyarwanda hutenganisha vitenzi hivi kama Kiswahili kinavyotenganisha kutazama na kuona. Mtu anaweza kuona bila kukusudia; hawezi kutazama bila kukusudia. Anaweza pia kutazama kwa muda mrefu asione. Nadharia iko upande wa kutazama. Inatuelekeza tuelekeze macho wapi, lakini haituhakikishii kwamba tutaona.

Rebero ina maana nyingine kwa wenyeji wake, nayo haifai kupitwa kimya. Hapo pana ukumbusho walimozikwa, pamoja na wahanga wengine, wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kuupinga mpango wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kila tarehe 13 Aprili watu hupanda kilimani kuwakumbuka. Wale walioliona jambo mapema na kulisema walilipa kwa maisha yao. Sisi tunaofundisha karibu na mahali hapo hatuwezi kusema kwamba kutazama na kutoa taarifa ni mchezo wa wasomi.

Kosa moja, vilima viwili

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu na swali lake. Tuchukue mfano kutoka madaftari tunayoyasahihisha. Mwanafunzi Mnyarwanda anauliza: "Mwalimu, jambo hili lina silabi ngapi?" Mwingine anaandika: "Jana sikukula, na rafiki yangu hakukuja." Yote mawili ni makosa, nayo yanatokea mara kwa mara. Mtafiti anataka kujua yametoka wapi.

Kilima cha kwanza ni Uchanganuzi Linganuzi, ambao Robert Lado aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1957. Anayesimama hapo hutazama lugha mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya pili, na kutafuta zinapotofautiana. Kutoka hapo kosa la kwanza huonekana wazi kabisa. Kwa Kinyarwanda ijambo ni neno, na pia ni hotuba. Kwa Kiswahili jambo ni shauri au tukio. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kibantu wa kusema, ule uliotupa kuamba na kuambia, lakini kila lugha imelipeleka neno njia yake. Mwanafunzi amelibeba neno la nyumbani likiwa na maana ya nyumbani.

Lakini kutoka kilima hicho kosa la pili halielezeki. Kwa Kinyarwanda sikula ni sinariye, na hakuja ni ntiyaje. Hakuna ku ya ziada ambayo mwanafunzi angeweza kuihamisha. Anayeng'ang'ania kusimama hapo atalazimika kubuni sababu, na wapo wanaobuni.

Kilima cha pili ni Uchanganuzi Makosa, ambao makala ya S. Pit Corder ya mwaka 1967 iliufungulia njia. Anayesimama hapo hutazama kosa kama ushahidi wa kanuni ambayo mwanafunzi amejiundia mwenyewe. Kutoka hapo "sikukula" huonekana kwa sura mpya. Mwanafunzi amesikia nilikula, nimekula na nitakula, akatoa kanuni kwamba kitenzi kifupi hakiachi ku yake. Kanuni hiyo ni nzuri, ila imevuka mpaka: katika ukanushi wa wakati uliopita, ku iliyomo ni ya wakati, na ile ya kitenzi huondoka. Hapa mwanafunzi hakukosa kwa kuzubaa. Alikuwa akifikiri, na mwalimu akiliona hilo atamsahihisha kwa namna nyingine.

Mfano huu unatupa jibu la swali la mwanzo. Mwanafunzi asiulize aweke nadharia gani. Aulize data yake inataka kutazamwa kutoka wapi, na akisimama hapo ataona nini ambacho asingekiona akiwa bondeni. Aulize pia kilima hicho kinamficha nini, kwa maana hakuna kilima kinachoonyesha pande zote.

Wanaosoma fasihi wamo katika hali hiyo hiyo. Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia ya K. W. Wamitila (2003) na Nadharia za Uhakiki wa Fasihi cha Kimani Njogu na Richard Wafula (2007) ni vitabu vyenye msaada mkubwa. Vinaharibika mikononi mwa anayevifungua kama orodha ya vyakula mkahawani, akachagua jina linalopendeza. Anayeisoma riwaya kwa Ufeministi anatakiwa kutuonyesha katika riwaya hiyo jambo ambalo msomaji mwingine amelipita. Kama sura ya nne ya tasnifu ingeweza kuandikwa vile vile bila sura ya pili, nadharia haikutumika. Ilitajwa tu.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni kwamba asili ya neno haituamulii maana yake ya leo. Tanzia limetokana na neno la Kiarabu la kutoa rambirambi, lakini hakuna mhakiki anayedai kwamba mchezo wa tanzia ni rambirambi. Vivyo hivyo, nadharia katika taaluma ya leo si kutazama tu. Ni maelezo yenye mpangilio, yenye dhana zilizofafanuliwa, yanayoweza kupimwa kwa data na kuonekana kuwa na upungufu. Asili ya neno tumeitumia kama msaada wa kufundishia. Haiwezi kushika nafasi ya fasili.

Ya pili inahusu msemo "hiyo ni nadharia tu". Kijana wa Kigali anayeisomea leseni ya udereva hufanya kwanza mtihani wa maswali ya kanuni za barabarani, ili apate ile ya muda inayoitwa na wengi provizwari, kisha ndipo hujaribiwa akiwa nyuma ya usukani. Kutokana na hali kama hizi watu huona nadharia kuwa ni maneno, na vitendo kuwa ndiyo kazi yenyewe. Msemo huo una ukweli wake pale ambapo nadharia imekaririwa bila kutazama chochote. Lakini ukituambia kwamba anayetazama hafanyi kazi, unakosea. Mwalimu aliyeelewa "sikukula" imetoka wapi atafundisha vizuri zaidi kesho asubuhi darasani, na hicho ni kitendo.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu na wanafunzi wenzetu. Kwanza, neno nadharia lifundishwe pamoja na ndugu zake, nadhari na mandhari, tangu mwaka wa kwanza, kabla halijaanza kuogopwa. Pili, kila pendekezo la utafiti liwe na sentensi moja ya Kiswahili chepesi inayosema nadharia iliyochaguliwa itamwezesha mtafiti kuona nini. Anayeshindwa kuiandika sentensi hiyo bado hajachagua. Tatu, tasnifu ifungwe kwa taarifa: nadharia ilionyesha nini, na ilishindwa wapi. Sehemu hii ya mwisho wanafunzi huiogopa, wakidhani kwamba kusema nadharia ilipungukiwa ni kujipunguzia alama. Kwetu sisi wasahihishaji ni kinyume chake, na ni wajibu wetu kuwaambia hivyo mapema.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na kazi ya kukichunguza katika mazingira yetu imeangukia mikononi mwetu. Jinsi Wanyarwanda wanavyojifunza Kiswahili, wanavyokichanganya na lugha nyingine sokoni, na wanavyokiandika, ni mambo ambayo sisi tulioko hapa tumewekwa mahali pazuri pa kuyatazama. Mwanafunzi atakayebisha hodi msimu ujao tutamkaribisha. Kabla ya kufungua daftari tutamwomba atoke nje nasi, apande hadi juu, atazame jiji kwa dakika chache, kisha atueleze ameona nini.